Mama Amepumzika

Dada yangu alikuwa na shahada tatu na orodha ya maneno manne. Shahada zilimpa kazi, orodha ikamnyang'anya.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakimzungumzia siku hizi huanza na jinsi alivyoondolewa kazini, wakamalizia na "masikini, na akili zake zote zile," kana kwamba akili ni ugonjwa uliompata utotoni. Mimi ni mdogo wake. Nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyoachiwa na mama. Sikusoma kufika mbali, lakini dada yangu namjua kuliko wao wote, na nina haki ya kumkasirikia. Wao hawana.

Mama ndiye aliyempa jina la Kikokotoo. Dada alikuwa na miaka minane, siku ya wazazi shuleni, mwalimu mkuu akajisifu kwamba madawati mapya arobaini yamefika. Dada akanyoosha kidole. "Ni thelathini na manane, mwalimu. Nimeyahesabu." Mama alimfinya paja mpaka likawa jekundu, lakini tulipofika nyumbani alicheka hadi akakaa chini sakafuni. "Wenzangu wanazaa watoto, mimi nimezaa kikokotoo!" Jina likaganda. Hata mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyembeba dada mgongoni wakati mama yuko kazini, hakumwita kwa jina jingine tangu siku ile.

Chuo kikuu aliingia kusoma biolojia. Alidhani atavaa koti jeupe na kuchungulia darubini. Kumbe harufu ya maabara ilimtapisha, ila mbele ya kompyuta aliweza kukaa saa tisa mfululizo bila kukumbuka kwamba ana miguu. Ndipo akaingia kwenye hiyo kazi yenye jina refu, biolojia ya kompyuta, ambayo majirani walifupisha wakasema anatengeneza kompyuta, wakawa wanamletea simu zilizoingia maji. Mimi alinieleza mara moja nikaelewa, maana alitumia lugha yangu.

"Wewe kabla hujakata kitambaa si unaweka karatasi ya kukatia juu yake?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kila seli ya mwili ina karatasi yake. Jeni ndizo hizo karatasi. Saratani ni pale karatasi inapoharibika, seli ikawa inakata tu, inakata, haijui pa kusimama. Mimi kitambaa sikigusi. Mimi nazisoma karatasi za maelfu ya watu, natafuta ilipochanika."

"Kwa hiyo wewe ni fundi usiyeshona."

Alicheka sana. Baadaye nikasikia kwamba sentensi yangu hiyo ameitumia kwenye hotuba, watu wakapiga makofi. Sikutajwa.

Kituo chao cha utafiti kilikuwa nyuma ya hospitali, ghorofa ya tatu. Nilikwenda mara kadhaa kumpelekea chakula. Chumba chembamba, madirisha mawili, moja halifunguki. Meza sita zimebanana. Pembeni kabatini mashine kubwa inaunguruma mchana kutwa, na juu yake karatasi imebandikwa kwa gundi: USIZIME, INAHESABU. Dada aliipenda mashine ile kuliko alivyompenda mchumba wake, na mchumba alilijua hilo kabla yetu.

Kisha mama akaugua. Uvimbe kwenye titi la kushoto, aliouficha miezi mitano kwa sababu alikuwa na kazi nyingi. Hospitali ilikuwa inaanza utafiti mkubwa wa saratani hiyo, na mama aliposikia ni kile kituo cha binti yake alisaini karatasi zote bila kusoma. Akapewa kadi yenye nambari. Kwenye utafiti hakuna majina, kuna nambari tu, na dada akaapa kwamba ya mama hataitafuta.

"Nikiijua," akaniambia, "jedwali nitalitazama kama mtoto, si kama mtaalamu."

Nilimwona mtu wa maana sana kwa maneno yale. Leo natamani angekuwa mtoto kidogo.

Mama nilimuuguza mimi. Silalamiki, nasema ilivyokuwa. Dada alikuwa mafunzoni mbali, mimi nilikuwa na cherehani chumba cha mbele na mama chumba cha nyuma, mguu mmoja huku mwingine kule. Alikufa Jumatano asubuhi, nikiwa nimemshika kisogo nimnyweshe maji. Dada alifika siku ya mazishi yenyewe, macho yamevimba, akaniuliza saa ngapi hasa, na dakika. Kikokotoo.

Siku kumi baadaye simu ikaita. Muuguzi wa utafiti. Kazi yao ilikuwa kuwapigia wagonjwa kila baada ya miezi mitatu, kuuliza hali na kuandika daftarini.

"Habari, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

Nikasema, "Mama amepumzika."

Muuguzi akasema, "Pole sana, mwanangu. Mungu amlaze pema." Akakata simu, na hakupiga tena. Alinielewa, na yeyote angenielewa. Lile neno jingine lingenitokaje mdomoni? Kuku ndio wanakufa. Mama hupumzika.

Sasa lile neno ndilo lililotumaliza.

Miaka miwili baada ya mazishi, madaftari ya wauguzi yakawa yamepigwa chapa kwenye kompyuta, sentensi elfu kumi na mbili, kama zilivyosemwa na watu majumbani. Ilibidi mtu azisome zote aandike mbele ya kila nambari: huyu hai, huyu amekufa, tarehe fulani. Bila hivyo jeni zote alizosoma dada zisingekuwa na maana, maana hoja ilikuwa kujua ni karatasi gani iliyochanika inayoua haraka na ipi inayotulizwa na dawa. Mkurugenzi wa kituo alikuwa na mkutano wa kimataifa baada ya miezi miwili na alitaka majibu. Dada akasema mtu hana haja ya kusoma, programu itasoma. Akaiandika kwa siku tatu. Aliifundisha maneno manne ya kifo: amefariki, amekufa, marehemu, kifo. Mengine yote ni uhai.

Na neno "amepumzika" alilipa safu yake maalumu. Wagonjwa wengine walipodhoofika kwa dripu za dawa, daktari aliwapa wiki kadhaa za kupumua, na wauguzi waliandika hivyo hivyo: amepumzika wiki nne, amepumzika hadi mwezi ujao. Kwa hiyo programu ikikuta "amepumzika" ilijua: hai, amepumzishwa dawa. Na kwa kuwa watu wa mapumziko walipigiwa simu mara chache, ukimya wao haukumshtua mtu. Kila mwaka jedwali lilipofungwa upya, programu iliwaongezea mwaka mmoja wa kuishi.

Alikuwepo muuguzi mmoja mtu mzima, kituoni wakimwita Bibi Daftari kwa sababu hakuruhusu madaftari yake yatoke bila saini. Aliiona ile orodha kwenye meza ya dada, akavua miwani.

"Mwanangu, maneno manne tu? Watu hawafi kwa maneno manne."

Dada alimwambia ataiongeza baada ya mkutano. Jumapili ile akaja kwangu akanisimulia kama kichekesho, jinsi Bibi Daftari alivyovua miwani na kutoa hukumu. Tulicheka wote wawili, tumekaa kwenye benchi hili hili wanalokalia wateja wakisubiri kupimwa. Nilicheka mimi, niliyesema "mama amepumzika" kwa mdomo wangu mwenyewe.

Majibu yalipotoka yalikuwa matamu. Wagonjwa wenye alama fulani kwenye jeni, wakipewa mapumziko marefu kati ya dripu, waliishi muda mrefu kuliko wale waliodungwa mfululizo. Dawa kidogo, mateso kidogo, maisha marefu. Nani asiyetaka kusikia hivyo? Makala ikachapishwa, jina la dada mbele. Hospitali tano zikaanzisha kitu kilichoitwa mpango wa mapumziko. Dada akawa mtu wa kualikwa, wa kupandishwa jukwaani, begi lake la safari limefungwa muda wote.

Nilihudhuria hotuba moja tu. Nilimshonea gauni la bluu ya bahari, nikakaa safu ya nyuma. Ukutani aliweka picha yenye mistari mingi iliyolala, kila mstari mgonjwa mmoja, urefu wake ndio miaka aliyoishi. Juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja uliopita mingine yote, karibu utoke nje ya picha.

"Huyu," dada akasema akiuonyesha, na sauti yake ikalainika, "ni mgonjwa nambari 217. Mimi simjui. Nikichoka huwa namfikiria. Bado yuko hai."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha.

Ikapita miaka. Mama mdogo akapatikana na uvimbe, titi lile lile la kushoto, kana kwamba wamegawana urithi. Wakampima jeni, alama ile wakaikuta, akaingizwa kwenye mpango wa mapumziko. Dada alifurahi. Alinishika mabega akaniambia, "Mama nilichelewa. Huyu sikuchelewa."

Mama mdogo alikuwa mtu wa mizaha. Miaka thelathini alifua mashuka ya watu, mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi. Aliporudi na ratiba yake, dripu moja kisha wiki tisa za mapumziko, alinisomea kwa sauti kubwa.

"Umeona? Nimepewa likizo na ugonjwa. Miaka yote nimefua hakuna aliyenipa likizo, mpaka saratani imenihurumia!"

Jumamosi moja mchana alikuja kukaa nami, yuko kwenye mapumziko ya pili, akalalamika kuhisi baridi. Nikafungua sanduku la mama kumtafutia shali. Chini kabisa, ndani ya kitabu cha sala, nikaikuta ile kadi ya utafiti. Sikuiwazia lolote. Niliiweka mezani kama kumbukumbu, na dada alipoingia jioni ile ile nikamsogezea.

"Angalia nilichokuta. Kadi ya mama."

Aliichukua akitabasamu. Kisha tabasamu likabaki pale pale midomoni bila kazi.

"Nambari hii umeiandika wewe?"

"Niiandike kwa nini? Si imepigwa muhuri?"

Aligeuza kadi nyuma, akairudisha mbele. Mia mbili kumi na saba. Nikakumbuka ukumbi, gauni la bluu, na mstari. Mama mdogo alikuwa amejifunga shali anatutazama kwa zamu.

"Hospitali walipopiga," dada akasema polepole, "ulipoulizwa mama anaendeleaje. Ulijibu nini?"

"Nitakumbuka wapi? Nilisema tu."

"Ulisema nini? Neno lenyewe."

"Nilisema mama amepumzika."

Alilirudia lile neno, mara moja, chini chini. Halafu akacheka kicheko kibaya ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima, akaketi kwenye benchi la wateja akafunika uso. Mimi na mama mdogo tulidhani amepagawa. Ilichukua nusu saa kutueleza, na alipomaliza nilielewa jambo moja zaidi ya yote. Mama yangu, niliyemwosha kwa mikono hii, alikuwa hai miaka kumi na moja ukutani, akipigiwa makofi.

Mama mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo dada yangu ameishi miaka yote hiyo kwenye kompyuta?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Ana bahati. Mimi niwekee ishirini." Akakohoa. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na hii likizo yangu, inafaa au haifai?"

Dada alimvutia shali vizuri mabegani, na mama mdogo hakurudia swali.

Jumatatu dada alikwenda kumtafuta Bibi Daftari, aliyekuwa amestaafu. Yule mama alikuja na miwani yake na ufunguo wa stoo aliokuwa hajaurudisha. Walikaa siku tatu na madaftari. Watu sitini na mmoja neno lao la mwisho lilikuwa "amepumzika." Bibi Daftari aliwakumbuka wengi, wengine aliwapigia ndugu zao. Thelathini na wanane walikuwa wamekufa. Dada alipowaondoa kwenye safu ya walio hai akairudia hesabu, ule urefu wa maisha ukayeyuka. Ikaonekana kinyume: wale waliopumzishwa kweli, wenye alama ile, uvimbe uliwarudia mapema kuliko wenzao.

Bibi Daftari hakusema "nilikwambia." Ningekuwa mimi ningesema, tena mara mbili. Yeye alimwambia tu, "Mimi niliandika nilichosikia, mwanangu," akafunga stoo.

Ndilo linaloniuma mpaka leo. Katika jambo lile zima hakuna aliyekosea ila mmoja. Mimi nilisema, muuguzi akaelewa, akaandika, akaacha kupiga. Kila mtu aliyegusa lile neno alijua mama amekufa. Asiyejua ni mashine, na mashine hujua inachofundishwa, na aliyeifundisha ni mtoto wa marehemu.

Alhamisi akaingia kwa mkurugenzi. Huyo alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na nyuma ya kiti chake ilining'inia picha yake mwenyewe amesimama mbele ya ile mistari. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema jambo hili ni zito, litachunguzwa ndani kwa ndani, taratibu, labda mwaka. Hakuna haja ya kuwashtua watu. Kisha akainama mbele.

"Nimesikia una mgonjwa wa familia kwenye mpango. Jumatatu tunamrudisha kwenye dripu. Nasaini mwenyewe, kimya kimya. Wewe nipe muda."

Dada alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa naweka vifungo kwenye mashati. Nilipomsikia sikungoja amalize.

"Kubali."

"Wako mia tatu kwenye mpango."

"Mia tatu hawakukubeba mgongoni. Mama mdogo alikubeba."

"Najua."

"Hujui! Wewe unajua nambari. Mama alipokufa uliniuliza dakika. Sasa una mtu mmoja tu aliyebaki, unaweza kumwokoa Jumatatu, unaniletea habari za mia tatu? Mwokoe huyu, hao wengine utawaandikia wiki ijayo."

"Nikishaipokea fadhila hii wiki hii, wiki ijayo nitaandikaje?"

Nilimrushia kopo la vifungo. Vilitawanyika sakafuni vyote, na dada akapiga magoti akaanza kuviokota, na nilimwona midomo inacheza. Alikuwa anavihesabu. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, aliandika barua. Aliipeleka kwa jarida lililochapisha makala, na kwa hospitali zote tano, na kwa mkurugenzi. Aliandika kwamba kosa ni lake peke yake, akaeleza neno, akaambatanisha orodha ya wafu thelathini na wanane kwa nambari zao. Ya kwanza ilikuwa 217.

Hospitali nne ziliwarudisha wagonjwa wao kwenye dripu ndani ya siku chache. Ya tano, ya kwetu, ikatangaza kwamba hakuna kubadili ratiba ya mgonjwa yeyote mpaka kamati ikae. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkurugenzi. Wanachama wawili walikuwa safarini.

Kamati ilikaa baada ya wiki saba.

Wiki saba hizo dada alishinda kwenye benchi la nje ya kliniki na faili la mama mdogo mapajani. Kadi yake ya kufungulia mlango ilikuwa imezimwa, kwa hiyo aliingia na wagonjwa, akapanga foleni na wagonjwa. Vijana aliowafundisha kazi walipita mbele yake wakitazama simu zao. Mimi nilikuwa namleta mama mdogo na kumrudisha, na kwa siku nyingi sikumsemesha dada ila "msogeze" na "shika hapa." Mama mdogo alituona.

"Nyie mnagombana juu yangu kama nguo ya mtumba," akasema. "Kikokotoo, hao mia tatu wameshapata dawa?"

"Wa hospitali nne wamepata. Wa kwetu bado."

"Kwetu kila kitu huwa mwisho." Akaufuata mkono wa dada, akaupapasa. "Basi ulifanya vizuri. Lakini na huyu mdogo wako naye amesema kweli. Ningekubali, mimi. Jumatatu ile ile ningekwenda mbio."

Nilidhani maneno yale yatanifurahisha. Hayakunifurahisha hata kidogo.

Aliporudishwa kwenye dripu, uvimbe ulikuwa umeshafika shingoni na kwenye ini. Daktari alituambia huenda hata wiki saba zile zisingeleta tofauti. Huenda. Nilimgeukia dada pale pale kwenye korido, mbele ya watu, nikamwambia, "Wewe si ndiye mwenye hesabu? Zingeleta au zisingeleta?"

"Sijui," akasema. "Kwa mtu mmoja hesabu haisemi kitu."

Mama mdogo alikufa mwezi wa pili baada ya hapo, kwenye chumba cha nyuma, kitanda kile kile cha mama. Safari hii tulikuwa wawili. Nilimshika kisogo, dada akashika kikombe. Hakuna aliyetazama saa.

Kamati ilimwondoa dada kazini kwa kosa la uzembe wa kitaalamu, jambo ambalo ni kweli. Mkurugenzi bado yuko, ile picha tu ndiyo imetolewa ukutani. Dada anafundisha hesabu sekondari, watoto wanamwogopa, na baada ya vipindi anakuja kukaa kwenye benchi langu na daftari. Ananisumbua mimi na wateja. Mwanamke amekuja kupimisha sketi ya mtoto, anaulizwa: kwenu mtu akifa mnasemaje? Wengine hukasirika, wengine hukumbuka. Bibi Daftari humletea mengine kutoka kichwani. Ametutoka. Ametangulia. Hatunaye. Ameitwa. Amekata kamba. Ameenda nyumbani, ambalo hospitali huliandika pia kwa aliyeruhusiwa. Amemaliza, ambalo huliandika kwa aliyemaliza dozi. Alipofika neno la sitini na tatu nilimwambia aache. Akaniambia hospitali nne kati ya zile tano zimemwomba awapelekee, bila malipo na bila jina. Nikamwambia basi aendelee, ila akae upande wenye mwanga.

Juzi tulikuwa hivyo hivyo, yeye na daftari, mimi napinda mikono ya mashati, simu yangu ikaita. Sauti ya msichana, mpole, anasoma kwenye karatasi.

"Habari yako, dada. Napiga kutoka hospitali, upande wa utafiti. Namuulizia mgonjwa wetu, nadhani ni mama yako mdogo. Anaendeleaje?"

Dada alikuwa ameinua kichwa. Niliweka simu isikike.

"Amekufa," nikasema.

Nikasikia anavuta pumzi. "Jamani. Pole sana, dada. Mungu ampe pumziko." Kalamu ikakwaruza.

"Umeandika nini?"

"Samahani?"

"Hapo ulipoandika. Umeandika neno gani?"

"Nimeandika... amepumzika."

Dada alifumba macho.

"Futa," nikamwambia.

"Dada, ni heshima tu. Lile jingine ni kali. Huwa hatupendi kumwandikia mtu hivyo."

"Najua ni kali. Futa, mwanangu, nasubiri."

Nikasikia kalamu inapita juu ya karatasi, mara mbili, tatu. Ndipo nikamtajia silabi moja moja, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, na kila silabi niliyotaja dada yangu aliisema pamoja nami bila sauti: a, me, ku, fa.